Picha ya setilaiti imetoka nyeusi tii, ni mbovu?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nipo Sahare hapa Tanga, tuna kikundi tunapanda mikoko, nikaambiwa picha za Landsat ni bure nikashusha nione mikoko imebaki wapi. Bando limekata, nafungua kwenye laptop picha nyeusi kama kitako cha sufuria, hata bahari siioni. Faili bovu au rangi zinalipiwa?
Msomaji, Sahare

JIBU: Usifute, faili zima kabisa! Na rangi hulipii, unazo ila zimetenganishwa. Simu yako inachanganya nyekundu, kijani na bluu yenyewe, setilaiti za Landsat 8 na 9 zinakupa kila mwanga na faili lake: B2 bluu, B3 kijani, B4 nyekundu, B5 ni infraredi ambayo jicho halioni. Kila nukta ni namba tu, ya eneo la mita 30 kwa 30, namba ndogo inachorwa nyeusi kubwa nyeupe, basi.

Sasa huo weusi. Namba zinaruhusiwa kufika 65,535 lakini ardhi na bahari kwa kawaida hazifiki hata nusu, kwahiyo ile programu ya kutazamia picha za harusi inaona zote ndogo inakupakia giza. Fungua na QGIS, programu ya ramani, nayo bure, itanyoosha weusi na weupe kulingana na namba zilizopo na pwani yote itajitokeza.

Anza na B5. Maji yanameza infraredi so bahari inakuwa nyeusi, majani yanairudisha kwa hiyo mikoko inang'aa, mpaka wa bahari na mikoko unauona kwa macho. Ila angalia matope, maji yakipwa yale matope mabichi yanatoka meusimeusi, wengi wanayahesabu bahari, na hii setilaiti inapita kwetu saa 4 asubuhi na dakika zake iwe maji yamejaa au yamekupwa, so ulizia wavuvi siku ile maji yalikuwaje. Mi huwa naanzia hapo kabla ya kubofya chochote.

Ukitaka rangi za kawaida panga B4, B3, B2 kwenye nafasi za nyekundu, kijani na bluu. Ukipanga B5, B4, B3 mikoko itakuwa myekundu, usishtuke.

Halafu wenzako usiwatumie WhatsApp kama picha, inabanwa namba zote zinapotea, watabaki na pambo la ukutani. Weka kwenye flashi.