Usimnyoe German Shepherd wako

Dada, umeuliza kama umnyoe mbwa wako wa aina ya German Shepherd kwa sababu ya joto na manyoya yanayojaa sebuleni. Tafadhali usimnyoe. Huyo ana manyoya ya tabaka mbili: ya nje magumu, yanayomkinga na jua na vumbi letu la Arusha, na ya ndani laini kama pamba, ambayo ndiyo hasa yanayopukutika. Ukiyanyoa, ngozi inabaki wazi kwa jua, na pengine yasiote tena sawasawa.

Tafuta chanuo la chuma lenye meno marefu. Mchane barazani mara mbili tatu kwa wiki, ukiyagawa manyoya kwa vidole mpaka uone ngozi. Hapo ndipo utakapowaona na kupe; hupenda kujificha nyuma ya masikio na katikati ya vidole. Wangu namchana jioni akishajilaza, na yanayotoka mapajani tu yanajaza kofia.

Mwogeshe kwa shampuu ya mbwa, si sabuni ya kufulia, kisha umkaushe kabisa, hasa baridi ya Julai.

Yule mbwa wa jirani uliyemtaja, wa aina ya Poodle, ni habari nyingine: nywele zake hazikomi kukua, kwa hiyo lazima zikatwe kila wiki 4 hadi 6.

Ukiona mabaka yasiyo na manyoya, anza kwa daktari wa mifugo.