Mwanangu, Kabla Hujalipia Duka Kitengela

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelipata. Umesoma kwamba kati ya kaunti zinazopakana na Nairobi, Kajiado ndiyo iliyokua kwa kasi zaidi, na unauliza mbona usilipie gudwili, ile pesa ya kuachiwa chumba, ya duka la dawa Kitengela, kule Kajiado, wiki hii, badala ya kungoja nafasi Ruiru, kule Kiambu.

Usilipe bado. Asilimia uliyoisoma ni ya kweli, ila haijibu swali lako.

Chukua daftari. Sensa ya 2009 ilipata watu 687,312 Kajiado. Ya 2019 ikapata 1,117,840. Gawa ya pili kwa ya kwanza, utaona ongezeko la asilimia 63. Kiambu ilitoka 1,623,282 ikafika 2,417,735, yaani asilimia 49. Kwa mbio, Kajiado imeshinda. Sasa toa badala ya kugawa: Kajiado iliongeza watu 430,528, Kiambu 794,453. Wateja wako wamo katika hesabu hii ya pili.

Halafu jina Kajiado limebeba mengi. Katika sensa ya 2019, Kajiado Kaskazini, yenye Ngong na Rongai, ilikuwa na watu 306,596. Isinya, yenye Kitengela, ilikuwa na 210,473. Mashuuru, nchi ya malisho, 64,214 tu. Wastani wa kaunti nzima ni kama watu 51 kwa kila kilomita ya mraba, na wastani huo haufanani na Kitengela hata kidogo.

Linaloponza wengi ni hili: sensa humhesabu mtu pale alipolala. Ile ya 2019 ilianza usiku wa kuamkia Agosti 25, shule zikiwa zimefungwa. Aliyelala Kitengela huenda hushinda Industrial Area ya Nairobi, au EPZ ya Athi River, eneo la viwanda vinavyouza nje ya nchi, ambalo liko Machakos. Jedwali la kaunti linamtenga na kazi yake. Matatu inamuunganisha nayo kila alfajiri. Kibanda cha chakula cha mchana kingekufa kwa takwimu hizo hizo. Duka la dawa linaweza kuishi, maana mzazi hununua dawa ya kikohozi akirudi kwake saa mbili usiku.

Kwa hiyo nenda ukasimame steji. Chagua Jumanne au Jumatano ya katikati ya mwezi. Mishahara ikiingia, kila duka huonekana zuri. Simama kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Andika matatu zinazoshusha, za viti 14 safu yake na za viti 33 safu yake, na kila moja imeshusha wangapi. Wanaorukia bodaboda watoe, hao hawatapita mlangoni pako. Waliobaki, tazama wanafuata njia ipi. Duka liwe upande huo. Chumba cha ng'ambo ya barabara ya Namanga hudanganya: asubuhi kimejaa wapita njia wanaokimbilia gari, jioni hakuna anayethubutu kuvuka kwa ajili ya vidonge.

Kisha ingia mitaani usiku huo huo uhesabu madirisha yenye taa. Usikubali wakala akuhesabie ploti zilizouzwa. Ploti nyingi ni nguzo na seng'enge, mwenyewe anaishi Donholm, Nairobi, akingoja bei ipande. Uliza pia maji. Visima vingi vya upande huo ni vya chumvi, na nyumba inayotegemea bauza, lori la kuuza maji, hupoteza wapangaji bei ya maji ikipanda. Wakihama, wateja wako wamehama nao.

Na chumba chochote utakachochagua, kisajiliwe kwanza na Bodi ya Dawa na Sumu kabla hujaingiza boksi hata moja. Gudwili hairudishwi usajili ukikwama.

Rudia hesabu hiyo hiyo Ruiru, siku ile ile ya wiki, saa zile zile, kisha nitumie picha za kurasa zote mbili. Nitazipitia nawe mstari kwa mstari.

Mama yako