Cheti cha EWS cha Februari? Mkuu, mwambie dada yako asimame hapo hapo

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili nikaweka chai chini. Unasema dada yako kaondoka Dar na binti yake wako Rajkot sasa, pasipoti zao za India, mtoto anajaza fomu ya NEET, ule mtihani wa taifa wa India wa kuingia udaktari, kupitia kundi la EWS, yaani wale wa kipato kidogo, cheti wanacho wamekichukua Februari hii, ajenti kawaambia kila kitu kiko safi. Halafu wewe unauliza ada na hosteli. Hosteli! Ngoja kwanza.

Hicho cheti kinakufa tarehe 31 Machi. Sio mwakani, mwezi huu huu.

Najua kwa sababu nimelipia hilo somo. Mimi nimekaa Dar miaka 19, mhasibu, Upanga pale, nikarudi na familia 2018 nikafungua kaduka ka spea, na kijana wangu alifanya NEET 2023. Mapato yetu yalikuwa chini ya laki 8 za rupia kwa mwaka (na laki yao ni laki yetu hiyo hiyo, neno lenyewe tumelitoa huko), jati yetu (tabaka la kuzaliwa) haimo kwenye OBC wala SC wala ST, yale matabaka ya chini na makabila yenye upendeleo wa zamani, kwa hiyo tulikuwa ndio walengwa hasa. Ile asilimia 10 ya nafasi za EWS iliwekwa Januari 2019, mabadiliko ya 103 ya katiba, kifungu cha 15(6), kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo ambao hawamo kwenye makundi mengine ya upendeleo. Sisi Mapatel, ndiyo jati yetu, tulikuwa tumeandamana jimbo zima la Gujarat 2015 tunataka OBC tukakosa, hii ilipokuja watu waligawa peda, vile vitamu vya maziwa, mtaani.

Sasa ajenti wangu. Ofisi juu ya duka la juisi karibu na stendi, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, alinichaji rupia 25,000 na mimi mhasibu mzima nikatoa bila risiti. Kila nikimuuliza kitu anajibu kwa katiba. "Uncle, Mahakama ya Juu imeshapitisha." Kweli ilipitisha, tarehe 7 Novemba 2022, majaji 3 kwa 2, na Jaji Mkuu mwenyewe alikuwa kwenye wale wawili waliopinga. "Uncle, hii ni haki ya katiba, hakuna wa kukunyima." Nikamuuliza cheti hiki cha Februari kitafika mpaka udahili? Akasema cheti ni cha mwaka mmoja Uncle, hesabu mwenyewe. Nikahesabu. Februari mpaka Februari. Mhasibu!

Mwaka unaohesabiwa ni mwaka wa fedha wa serikali, unaanza tarehe 1 Aprili unaisha 31 Machi. Cheti cha Februari 2023 kilikuwa cha mwaka wa 2022-23, kinaangalia mapato ya 2021-22. Udahili wa udaktari unaanza Julai au Agosti, huko mwaka ule walitaka cha 2023-24 kilichotolewa kuanzia tarehe 1 Aprili. Kwa hiyo karatasi yangu ilizaliwa ikiwa na kama wiki sita za kuishi, na mimi nikaipeleka laminesheni!

Na kibaya zaidi fomu ya mtihani inajazwa kama Februari na Machi hivi, unachagua kategoria EWS, mtandao unapokea bila kulalamika, mtoto anafanya mtihani, matokeo yanatoka yameandikwa EWS, anapangiwa nafasi chuo cha serikali kwa EWS, sisi tumeshapiga simu mpaka Tanga kwa shangazi, watu wameshakula mithai. Kote huko hakuna aliyekiangalia kile cheti. Anayekiangalia ni yule mama wa kaunta siku ya kuripoti chuoni, na yeye hakuwa na haja ya kusoma, aliangalia tarehe tu akakisukuma pembeni. Halafu akakigeuza akasema, na hii ni fomu ya jimbo, imeandikwa Kigujarati, sisi tunataka ya serikali kuu.

Kosa la pili hilo, na sio lugha tu. Gujarat kwa nafasi zake za jimbo iliamua kuangalia kipato peke yake. Serikali kuu inaangalia na mali: ukiwa na shamba la ekari 5 au zaidi umetoka, fleti ya futi za mraba 1,000 kwenda juu umetoka, kiwanja cha makazi cha yadi za mraba 100 mjini umetoka, vijijini 200. Nafasi ya kijana ilikuwa ya mgao wa nchi nzima, ile asilimia 15 ya nafasi za vyuo vya serikali vya majimbo inayogombewa na India yote, kwa hiyo cheti cha jimbo hata kingekuwa na tarehe ya jana kisingefaa kitu.

Nikakimbia kwa mamlatdar, afisa wa serikali wa taluka, ndiye anayesaini hayo mambo huku. Foleni. Kwanza cheti cha mapato, kabla ya hapo maelezo ya talati, karani wa serikali wa kijijini kwetu, talati kaenda harusini, nikamfuata harusini. Usicheke, nimekula biriani la watu nimeshika faili. Nilipopata cheti kipya siku ya kuripoti ilikuwa imepita. Wakamrudisha kundi la jenerali, yaani wasio na upendeleo wowote. Na ujue EWS haipunguziwi alama za kufaulu, wanabanwa pamoja na jenerali kwenye pasentaili ya 50 (lazima uwapite nusu ya watahiniwa), tofauti iko kwenye kupanga nafasi tu na yenyewe ni nyembamba. Kijana wangu akaikosa kwa alama 6.

Ajenti nikampigia, akaniambia "Uncle, tarehe ni jukumu la mzazi." Ile kalamu ya katikati ningemchoma nayo.

Chuo binafsi wakataka laki 9 kwa mwaka. Laki 9! Mtu ambaye kipato chake chote lazima kiwe chini ya 8 ndio aitwe maskini, alipe 9. Tukasema arudie. Akarudia 2024, mwaka gani sasa, ule ule wa kuvuja mtihani, watahiniwa 67 wakatangazwa kwanza na 720 kwa 720, kesi mpaka Mahakama ya Juu ikakataa kuufuta. Kijana alipandisha alama zaidi ya 30 na namba yake kitaifa ikaporomoka. Saa hizi anasoma fiziotherapia, anaipenda anasema, na mgongo wangu anaukanda bure kwa hiyo tuseme nimerudishiwa kitu.

Kwa hiyo dada yako aende KUANZIA tarehe 1 Aprili, sio tarehe 31 jioni kwa sababu foleni ni fupi. Vyeti viwili, cha jimbo na cha serikali kuu, cha serikali kuu asome mwenyewe kimeandikwa mwaka gani wa fedha. Hicho cha Februari afungie vitumbua.

Na lile duka la shemeji Kariakoo ulilolitaja juu juu hivi, wameliandika? Fomu inasema kipato cha familia kutoka vyanzo vyote, na familia ni mtoto, wazazi wake na wadogo zake walio chini ya miaka 18. Baba kukaa Dar hakumtoi kwenye familia. Kama ajenti kawaambia duka la Tanzania halihesabiwi basi huyo ni yule yule wangu, muulize ana kalamu ngapi. Na hapo ukidanganya sio kurudishwa jenerali, ni kufutiwa nafasi hata kama yuko mwaka wa tatu.

Ada, inategemea chuo, EWS ni nafasi sio punguzo la ada, watu wanachanganya sana hapo.

Tuma picha ya hicho cheti, ficha jina na namba, nataka nione tarehe na muhuri. Na asisafiri kwenda kijijini wiki ya kwanza ya Aprili bila kumpigia talati kwanza, ni msimu wa harusi unakaribia.