Kupiga komandi ukiwa ndani ya programu ya menyu bila kuifunga

Mkuu, umeuliza kama kuna namna ya kupiga komandi bila kuifunga programu ya menyu kila saa, na kwa nini ukiandika cd (ile ya kuhama folda) haishiki. Namna ipo, tena ya siku nyingi sana. Programu nyingi za terminali mlango wake ni alama ya mshangao, kwenye less (ya kusomea faili) unabonyeza ! unaandika komandi, mutt (ya barua pepe) vilevile, vim (edita ya maandishi) unatanguliza nukta mbili, yaani :!ls, ukishaona majibu unagonga enta unarudi ulipokuwa. Mi kwenye vim napenda zaidi :r !date maana hiyo inachukua jibu na kulimwaga ndani ya faili. Midnight Commander, ile ya kupanga faili kwa paneli mbili, ndo raha kabisa, mstari wa komandi uko pale chini muda wote we unaandika tu, Ctrl-O inaficha paneli uone kilichotoka.

Sasa hiyo cd. Vim au less haiifanyi komandi yenyewe, inazalisha sheli mpya (programu inayopokea komandi na kuziendesha), sheli inapiga kazi halafu inakufa. Folda umehama kweli ila aliyehama ni mtoto, mzazi hajasogea hata kidogo, na export (ya kuweka vigezo vya mazingira, yaani mipangilio ambayo sheli inazipa programu) ni hivyohivyo. Kwahiyo viunganishe kwenye mstari mmoja, :!cd /var/log && ls -lt, basi. Kuna na :sh inayokupa sheli nzima mpaka uandike exit, ila kusema kweli siipendi, mtu anasahau yuko ndani ya vim anafungua vim nyingine juu yake, bora Ctrl-Z inaisimamisha programu, unafanya mambo yako, unaandika fg inarudi.

Kama we ndo unawatengenezea wengine menyu kwenye seva, hapo fungua macho. Mi nikikabidhiwa seva ya hivyo kitu cha kwanza ni kujaribu ! kila kona, maana mtu anaweka "soma logi" kwenye menyu, nyuma yake kuna sudo less (yaani less inayoendeshwa kwa mamlaka ya root, msimamizi mwenye ruhusa zote), mtumiaji anaandika !sh na tayari ni root, hajahitaji hata paswedi. Kwenye sudoers, faili la mipangilio ya sudo, kuna NOEXEC inayozuia programu kuita programu nyingine, iweke. Na ukiziba ! usiisahau v, kwenye less hiyo inafungua edita, na edita nayo ina :! yake. Kigezo cha mazingira LESSSECURE=1 kinazima zote mbili, ila hakikisha kinaifikia less yenyewe kwasababu sudo kwa kawaida inafuta vigezo vya mazingira njiani.