Maswali yenu kuhusu Mwalimu Scherr wa Zürich

Tangu nimtaje Ignaz Thomas Scherr, mwalimu aliyesimamia mageuzi ya shule za Zürich, Uswisi, katika miaka ya 1830, maswali hayajakatika. Leo najibu baadhi yake.

Huyu si ndiye Pestalozzi? (Mmeuliza wengi)

Siye, na naomba swali hili liishie hapa. Pestalozzi, mwalimu mashuhuri wa Uswisi, alizaliwa Zürich mwaka 1746 na kufariki 1827. Scherr alizaliwa 1801. Alipofika Zürich mwaka 1825 kufundisha watoto vipofu, na baadaye viziwi pia, Pestalozzi alikuwa mzee anayefunga shule yake ya Yverdon mwaka huohuo. Kumsifu Pestalozzi ni rahisi, maana mapenzi kwa watoto hayamgombanishi mtu na jirani yake. Scherr aligusa sheria, vitabu na fedha za vijiji. Huko ndiko kwenye ugomvi, na ndiyo maana namwandika yeye.

Alikuwa Mswisi wa kuzaliwa? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Alizaliwa Hohenrechberg, kusini mwa Ujerumani. Uraia aliupata 1831.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Watu wanamwita mwanamageuzi, lakini alifanya nini hasa? (Msomaji, Songea)

Mwalimu, wewe umeuliza swali lenye uzito. Tarehe 22 Novemba 1830 maelfu ya watu wa mashambani walikusanyika Uster, karibu na mji wa Zürich, kudai haki sawa na watu wa mjini. Waliberali, yaani wanasiasa waliotaka mageuzi, wakashika serikali ya kantoni (jimbo la Uswisi) ya Zürich, na Scherr akaingia katika baraza la elimu. Sheria ya shule ya 1832 ina mkono wake: kila mtoto aende shule, awe wa tajiri au wa mfumaji, kuanzia miaka sita.

Lakini tazama kilichofanyika mwaka huohuo wa 1832. Chuo cha ualimu kilifunguliwa Küsnacht, kando ya ziwa, na Scherr akawa mkuu wake. Kabla ya hapo mwalimu wa kijiji aliweza kuwa fundi tu aliyepitia mafunzo mafupi, na watoto wake wakakariri katekisimu na zaburi bila kuelewa wanachotamka. Scherr hakuridhika na sheria pekee. Aliandaa watu wa kuitekeleza, kisha akawaandikia vitabu vya kufundishia.

Kusoma nako alikufundisha kwa namna yake. Mtoto hakuanza kwa kuimba majina ya herufi. Alisikiliza neno, akalitenga sauti moja moja, akaziandika sauti hizo, kisha akasoma alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe. Jaribu na mwanafunzi wako wa darasa la kwanza kwa neno "kuku". Utamjua mara moja anayesoma na anayeimba.

Hukuniuliza, lakini nitasema: anayebadili mtaala leo na kumwita mwalimu kwenye semina ya siku tatu kesho, hajabadili chochote darasani. Amebadili jalada la kitabu.

Kama alikuwa mwema hivyo, kwa nini wananchi walimpindua? Au walikuwa wajinga? (Msomaji, Nakuru)

Neno "wajinga" silikubali. Familia nyingi za vijijini zilifuma nguo nyumbani, na mkono wa mtoto ulikuwa sehemu ya riziki. Serikali ikaja ikamtaka mtoto aende shule, ikavitaka vijiji vigharamie majengo na walimu, ikaleta na vitabu vigeni. Mwaka 1834 wakulima wa Stadel waliviondoa vitabu vipya shuleni. Hiyo ilikuwa dalili, na wakubwa hawakuisikiliza.

Kisha wakafanya kosa kubwa zaidi. Mwanzoni mwa 1839 serikali ilimteua David Friedrich Strauss kufundisha teolojia katika chuo kikuu cha Zürich. Strauss alikuwa ameandika kitabu kuhusu maisha ya Yesu kilichoeleza miujiza ya Injili kuwa visasili. Waumini karibu 40,000 walipiga kura ya kumkataa. Serikali ikamstaafisha kabla hajafundisha hata somo moja, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Tarehe 6 Septemba wanavijiji wakiongozwa na mchungaji Bernhard Hirzel waliingia mjini, risasi zikalia. Miongoni mwa waliokufa ni Johannes Hegetschweiler, daktari na mjumbe wa serikali, aliyepigwa risasi akipeleka amri ya kusitisha mapigano.

Serikali ikaanguka. Scherr hakumteua Strauss, lakini wapinzani walikiona chuo cha Küsnacht kuwa kiota cha wasioamini, na kazi yake ikaenda. Walimu, liangalieni hilo vizuri. Wanasiasa wakikosana na wazazi, anayesimama mlangoni kupokea hasira ni mwalimu. Na ninyi mnaopanga mageuzi, nendeni mkakae na wazazi kabla hamjachapa kitabu. Mkulima aliyeuliza mwanawe atavuna lini alistahili jibu.

Nina binti kiziwi. Mbinu za Scherr zinamfaa? (Msomaji, Mombasa)

Pole kwa hangaiko, mama, na nitakujibu bila kuzunguka. Scherr alitoka katika mapokeo ya Kijerumani yaliyomfundisha kiziwi kutamka kwa kutazama midomo na kugusa koo la mwalimu. Alitaka watoto hao wasome wakati wengi waliwaona hawafundishiki, na kwa hilo namheshimu. Lakini msimamo wa kutamka tu, hasa baada ya mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, mwaka 1880, ulifukuza lugha ya alama madarasani na kuwaumiza viziwi kwa vizazi. Binti yako apate lugha ya alama mapema, na wewe ujifunze pamoja naye. Ukiambiwa alama zitamzuia kusoma, usikubali.

Aliishia wapi? Na yule mwandishi Johannes Scherr ni nani wake? (Msomaji, Bujumbura)

Johannes ni mdogo wake. Thomas alifungua shule binafsi Winterthur, kisha akahamia Thurgau, na katika miaka ya 1850 akaongoza baraza la elimu la kantoni hiyo. Alifariki 1870, miaka minne kabla katiba ya Uswisi haijafanya elimu ya msingi kuwa ya lazima na ya bure nchi nzima.