Barua kwa mwanangu: kijiko, kuni na njia ya bibi yako

Mwanangu,

Marahaba. Huku Njombe tu wazima, baridi imeanza kulegea, na baba yako mdogo kang'olewa lile jino, sasa anakula kande kama zamani. Ujumbe wako niliusoma kwenye simu, nikaona nichukue kalamu, maana mimi na kile kioo hatuelewani.

Unasema mwenye kijiko, ile mashine ya kuchimba udongo, amekupa bei ya siku tatu, mwezi wa kumi, mvua zikiwa bado. Unataka kujua umlipe yeye achonge barabara kutoka njia ya kijiji hadi bondeni ili Fuso liingie kubeba magogo ya misindano, hiyo mipaini yako, au kazi hiyo uwape vijana wa hapa kwa majembe na sururu. Kijiko au majembe. Nimekuelewa.

Ila barabara yenyewe itapita wapi? Umetaja bei ya dizeli, umetaja upana, umetaja mpaka geti la chuma na kufuli lake. Itakapopita hukugusia hata kwa neno moja. Huyo mwenye kijiko amelikanyaga shamba, au kaoneshwa picha?

Bibi yako alikuwa na neno lake, unalijua, mlikuwa mkimwigiza nyuma ya mlango: njia anaijua aliyebeba mzigo. Mlidhani ni maneno ya kizee. Mimi nilipoolewa hapa nilidhani hivyo hivyo, mpaka nilipoanza kwenda naye kusenya kuni. Alikuwa akiokota matawi makavu ya miwati, marefu anayalaza chini na juu, mafupi anayaficha katikati, kisha anaukandamiza mtita kwa goti huku anavuta kamba ya gome mpaka inalia. Hapo hauinui. Anausimamisha kwenye kingo ya juu ya njia, anapanga kata kichwani, anainama kidogo, anaingiza kichwa chini ya mzigo na kusimama nao taratibu. Nikamuuliza kwa nini tunazunguka hadi kwenye kichuguu wakati nyumba inaonekana pale juu. Akaniambia panda wewe hapo pa moja kwa moja, tutakutana. Nilipanda. Nilifika nimeshika mtita kwa mikono miwili, yeye keshawasha moto.

Ukiwa mtupu, mlima wowote unapandika. Shingo ikiwa na mzigo ndiyo inayokuonesha mahali ardhi ilipolala, ndiyo maana njia ya wanawake pale shambani inakata ubavuni, inapita kichuguu, inapinda kwenye lile jiwe mlilokuwa mkitelezea, halafu inashuka kwenye chemchemi na vinyungu, vile vishamba vyetu vya bondeni. Hakuna aliyeipima. Imepimwa na miguu ya watu waliobeba kuni, na maji, na watoto, tangu miwati ilipoota pale. Na miwati unajua ilivyokuja: ile kampuni ya 1949 ilitaka magome yake kwa ajili ya kutengeneza ngozi, wakulima nao wakapanda kwenye mashamba yao. Gome likaenda kiwandani, mti ukabaki kuni. Shamba hilo unalotaka kulitia barabara lilianza hivyo, kabla ya misindano yako.

Sasa nikukumbushe lile korongo. Nyinyi mlikua mkilijua ni la kuchezea kombolela, na wewe nadhani unaamini Mungu aliliumba pamoja na mlima. Lilichimbwa na mtu. Ulikuwa bado mgongoni, mwaka wa mvua zile za El Nino, 1997 kuingia 1998. Alikuja mnunuzi wa nguzo kutoka mjini, akaitazama milingoti ya babu yako, ile mikaratusi, akasema anainunua yote, na barabara atatuchongea bure kwa katapila lake. Bure! Marehemu baba yako alikuwa Makambako kufuata mbolea. Baba yako mdogo akapeana mkono na mtu yule pale pale. Simlaumu, na yeye akisoma barua hii asinune, maana neno bure limewashinda wakubwa kuliko yeye.

Natoka shule mchana, naikuta mashine iko katikati ya miwati, imeshuka mstari wa rula kutoka juu hadi bondeni. Bibi yako kasimama mbele yake na mtita kichwani. Anamwonesha dereva kwa mkono, pita kule, zunguka kwenye kichuguu, huku maji yatakufuata. Yule kijana kacheka. Kamwambia, "Bibi, gari halibebi kuni kichwani." Wenzake wakacheka. Na baba yako mdogo akacheka, kidogo, cha kuwaunga mkono.

Mwanangu, miaka yote hii nikikumbuka kicheko kile damu inanichemka. Mwanamke aliyepanda mlima ule na mizigo tangu hajavunja ungo anaambiwa hajui njia, na mtu aliyeufahamu mlima asubuhi ile akiwa amekaa kwenye kiti!

Mvua zilipokuja hazikutafuta pengine pa kupita. Zilikuta mfereji umeshachongwa, hauna mtaro wa pembeni, hauna pa kuchepukia, udongo mwekundu uko uchi. Kwanza ukawa mfereji wa magurudumu, kisha wa magoti, kisha mtu mzima akishuka humwoni kichwa. Tope lote likaenda kukaa kwenye vinyungu. Maharage ya msimu ule yalifukiwa, pamoja na mitaro yote ya maji. Gari la mnunuzi liliingia safari moja, likashuka vizuri tu, maana lilikuwa tupu. Kupanda na nguzo likashindwa. Wakaishusha mizigo, wakalivuta, wakaondoka wakisema watarudi kiangazi. Hawakurudi mpaka leo, na pesa iliyobaki hawakuleta.

Hapo ndipo penye kicheko chetu sasa. Nguzo walizoziacha chini zilikuwa mali yetu tena, wala hakuna wa kuzinunua. Bibi yako alipita nyumba kwa nyumba, anawaita wanawake wenzake waje na mashoka kabla hazijakauka, maana mlingoti unachanjika ukiwa mbichi, ukishakauka shoka linaruka tu. Walichanja wiki nzima, wanaimba, watoto wanarundika, na ulanzi haukukosekana. Mji mzima ulipikia nguzo za umeme mwaka ule. Zikapandishwa zote kwa njia ya kichuguu, juu ya vichwa, na bibi yako mbele. Kila akikutana na baba yako mdogo anamsalimu kwa heshima zote, kisha anasema polepole: gari halibebi kuni kichwani.

Basi njia anaijua aliyebeba mzigo.

Lakini nami nisijifanye. Njia ile ya bibi ilimmaliza magoti. Wangemletea trekta pale kichuguuni angepanda bila kuuliza, na angekaa mbele. Na alipougua mara ya mwisho, unakumbuka, alikuwa kwa shangazi yako bondeni, tukamtoa kwa machela. Wanaume sita wanapokezana, mvua inanyesha, kila kona wanasimama kumgeuza. Siku ile mzigo alikuwa yeye. Nilitamani barabara siku ile kuliko unavyoitamani wewe leo. Kwa hiyo usinisome vibaya ukadhani mama anapinga maendeleo na anapenda moshi. Mtungi wa gesi ulioniletea ninautumia, chai ya asubuhi ni ya gesi, na ninasikia redioni Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Nitafika nikijaaliwa. Kande na maharage nitaendelea kuyapeleka kwenye mafiga, gesi yenyewe unainunua wewe na ninakuonea huruma.

Tena njia ya bibi hiyo hiyo Fuso haliwezi kuifuata yote. Mtu anageuka alipo, gari lenye magogo linataka nusu kipenyo cha mita 10 na zaidi, na pale kwenye jiwe hakuna nafasi hiyo. Kwa hiyo hata mimi ninayeitetea sina barabara ya kukupa mkononi. Ninachokupa ni ubavu. Tulipima na bwana miti: kutoka njia ya kijiji hadi bondeni unashuka kama mita 60. Ukienda moja kwa moja ni mita 400, mteremko wa asilimia 15. Ukizunguka kwa kichuguu ni mita 600, asilimia 10. Mwalimu wa hesabu nimestaafu, ila hesabu haijastaafu. Na kumbuka magogo yako yanapanda, hayateremki. Kushuka kila gari linaweza, hata lile la mnunuzi wa nguzo liliweza.

Kuzunguka kuna gharama yake, nayo usinifiche. Mita 600 kwa upana wa mita 6, pamoja na mtaro, ni karibu ekari nzima. Misindano umeipanda tatu kwa tatu, kila mti una mita za mraba 9. Hiyo ni miti 400 unaing'oa kabla haijakupa ubao. Inauma. Korongo nalo lilikula yake, na linaendelea kula hadi leo kila masika, wala halikuomba ruhusa.

Halafu kuna maji. Anayechonga, awe chuma au awe kijana wa jirani, lazima aweke kingamaji kila hatua thelathini hivi, kwa mshazari, gogo la muwati lizikwe nusu na mawe yashindiliwe nyuma yake, na maji yatoke kwenye majani, yasiende kwa jirani. Wenye mashine kazi hii hawaipendi, inawachelewesha. Vijana wa majembe nao hawaipendi, ila wao unaweza kuwasimamia huku unawapa ugali. Sijasema kitu, nimetaja tu.

Na kule chini kabisa Fuso linakwenda kufanya nini? Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na chemchemi yetu unaijua ilipo. Ukitoa hizo mita, barabara yako inaishia juu ya jiwe. Hapo pana uwanda wa kutosha kurundika magogo. Ya chini yavutwe na ng'ombe wa baba yako mdogo, watu wa dingdong wakaipachike mashine yao ya kupasulia mbao hapo hapo juu, na mabanzi yabaki karibu na njia. Naona nimeshaanza kusema nilichoapa sitasema. Haya.

Ila geti hilo, hapana, hapo sinyamazi. Kuni za kuokota pale shambani wanawake wa kitongoji wameziokota tangu kwa babu yako. Mbichi hawakati, tawi kavu hawaulizi. Karatasi ina jina lako, najua, nilikuwepo ukisaini. Mwaka juzi moto ulipotoka kwa jirani mwezi wa tisa, wewe ulikuwa Dar, mimi nilikuwa kanisani. Nani aliuona? Waliokuwa wanasenya kuni. Waliupiga kwa matawi mabichi mpaka ukafia kwenye njia yao, ile ile, kwa kuwa ilikuwa imekanyagwa ikabaki udongo mtupu. Barabara ya kuzuia moto hukuwa umefyeka, baba. Na matawi makavu wanayobeba ndiyo ambayo moto ungeyatafuta. Kufuli unamfungia nani? Mwizi wa magogo anakuja na msumeno na gari, geti analing'oa. Wa kuni ndiye atakayesimama nje.

Labda unaniambia atapita pembeni ya geti. Atapita, ndiyo. Lakini ataijua nia yako.

Kuhusu mwezi wa kumi: barabara mbichi ikikutwa na mvua za Novemba haijashikana ni kuchimba korongo la pili kwa pesa yako mwenyewe. Subiri mvua ziishe, mwezi wa tano au wa sita, udongo ukiwa bado na unyevu wa kushindilika. Ikae kiangazi kizima, ipitwe na ng'ombe na watu, ndipo uilete gari. Misindano yako bado michanga, iache inenepe. Wanaovuna misindano ya mkono mwembamba wanauziana mbao za kupinda.

Sasa kijiko au majembe, hilo amua mwenyewe, wewe ndiye unayelipa. Kijiko kinamaliza haraka na kikikosea kinakosea haraka vilevile. Majembe yatakuchosha kwa maneno, watakuomba ulanzi, watafika saa nne. Lakini wale vijana mama zao ndio wanaopita pale na mitita, na ukimwambia kijana zunguka kwenye kichuguu anajua ni kichuguu kipi. Mimi ningekuwa wewe ninge... Basi. Shamba ni lako.

Viazi nimeviweka kwenye basi la Jumamosi, magunia mawili. Lenye uzi mwekundu ni la shangazi yako wa Temeke, usilifungue, nimemwambia uzito wake.

Mama yako