Wanagenzi wa maji yanayovuka mipaka, someni viambatisho

Wadogo zangu mlioingia kitengoni mwaka huu, nimemaliza kupitia madokezo yenu kuhusu Mkataba wa Maji ya Indus, na karibu yote yanafunguliwa na sentensi ileile, kwamba mkataba huo umeleta amani kati ya India na Pakistani kwa kuwa ulistahimili vita bila kuvunjika. Waliowatangulia waliiandika, na waliowatangulia hao nao waliiandika, hadi nimeanza kushuku kwamba mnagenzi hukabidhiwa sentensi hiyo pamoja na kiti na ufunguo wa kabati. Kwa kuwa nawapenda, na kwa kuwa subira yangu inaelekea ukingoni, nawaandikia yafuatayo.

1. Amani ni jambo moja na maji ni jambo jingine. Tarehe 1 Aprili 1948, miezi michache baada ya mpaka mpya wa India na Pakistani kuupasua mfumo mmoja wa umwagiliaji, Punjab ya Mashariki, jimbo la upande wa India, ilifunga mifereji iliyokuwa ikipeleka maji Pakistani, na hofu iliyozaliwa siku hiyo ndiyo iliyowaketisha wahandisi wa pande mbili mbele ya Benki ya Dunia kwa miaka mingi. Mwaka 1951 David Lilienthal, Mmarekani mtaalamu wa maendeleo ya mabonde ya mito, alipendekeza bonde lote liendeshwe kwa pamoja, lakini hakuna aliyemwamini mwenzake kiasi hicho. Walichotia saini Nehru, waziri mkuu wa India, na Ayub Khan, rais wa Pakistani, mjini Karachi tarehe 19 Septemba 1960 ni talaka yenye mgawanyo wa vyombo: Ravi, Beas na Sutlej kwa India, Indus yenyewe, Jhelum na Chenab kwa Pakistani. India ilikubali kulipa pauni 62,060,000 kwa awamu kumi za kila mwaka ili kuchangia mifereji mipya ya Pakistani, na iliendelea kulipa hata vita vya 1965 vilipoangukia katikati ya ratiba hiyo. Mkataba haukuvizuia vita hivyo, wala vya 1971, wala vya Kargil mwaka 1999. Uliwapa mahasimu kazi ndogo ya kudumu isiyohitaji wapendane: kamishna mmoja kila upande, mkutano angalau mara moja kwa mwaka, na takwimu za mtiririko za kubadilishana kila mwezi.

2. Mvutano juu ya mkataba una njia tatu za kutatuliwa, yaani Tume ya Kudumu ya Indus, mtaalamu asiyeegemea upande, na Mahakama ya Usuluhishi, nanyi mkiziandika kama kitu kimoja msomaji atajua kwamba hamkusoma.

3. Viambatisho. Nilipokuwa mgeni kazini niliandika dokezo lililosema, bila hata neno "pengine", kwamba India imekatazwa kujenga bwawa lolote kwenye mito mitatu ya magharibi, yaani ile iliyopewa Pakistani. Niliona mantiki yake ni nyoofu, maana mito imegawanywa na ya Pakistani ni ya Pakistani. Viambatisho vya mkataba nilivipita kwa sababu vilijaa ujazo, vimo na milango ya mabwawa, nami niliyesomea uhusiano wa kimataifa niliamini kwamba hayo ni ya wahandisi. Dokezo likapanda hadi kwa mkuu wa kitengo, naye akalitumia katika warsha, akalisoma kwa sauti mbele ya wageni. Mhandisi mmoja mzee aliyeketi pembeni aliomba radhi kwa kukatiza, kisha akauliza kwa upole kama nakala ya ofisi yetu ilikuwa na Kiambatisho D. Mkuu wangu alinigeukia. Nakala nilikuwa nayo mkononi, na kurasa hizo zilikuwa safi kama zilivyotoka kwa mchapaji. Kiambatisho D kinairuhusu India kuzalisha umeme kwenye mito hiyo kwa mitambo inayotegemea mtiririko, kwa masharti marefu kuhusu ujazo wa bwawa, kimo cha milango na mahali pa kuchotea maji. C kinaruhusu kilimo kwa kiasi, na E kinaruhusu hifadhi yenye ukomo. Mzee yule alivieleza vyote bila kuniangalia, jambo lililokuwa hisani na adhabu kwa pamoja. Mkuu hakunigombeza. Alisubiri turudi ofisini, akaliomba jalada, na kwa muda mrefu baada ya hapo madokezo yangu yalipitia kwanza meza ya mtu mwingine.

Niliposoma hatimaye, nilikuta ugomvi wote niliokuwa nikiuandika kwa maneno makubwa unaishi humo. Kuhusu bwawa la Baglihar kwenye Chenab, uamuzi wa mtaalamu asiyeegemea upande, Raymond Lafitte, wa mwaka 2007 ulipunguza kimo cha ukuta kwa mita 1.5 huku ukikubali milango ya India ya kutolea mchanga. Kuhusu mradi wa umeme wa Kishenganga, Mahakama ya Usuluhishi iliiruhusu India mwaka 2013 kuchepusha maji, lakini ikaitaka iache angalau mita za ujazo 9 kwa sekunde zipite. Mataifa mawili yenye silaha za nyuklia yalibishana juu ya mita moja na nusu ya zege, na sijui mkataba wa mto unaweza kutoa hali bora kuliko hiyo.

4. Badilisheni ekari-futi kuwa mita za ujazo (moja ni takriban 1,233) kabla dokezo halijatoka mezani.

5. Msiandike kwamba mkataba "umekufa". Tarehe 23 Aprili 2025, siku moja baada ya shambulio la Pahalgam, huko Kashmir, lililoua watu 26, India ilitangaza kuusimamisha, ilhali ibara ya 12 inasema utaendelea hadi serikali zote mbili ziridhie mkataba mwingine wa kuumaliza. Tazameni kilichotangulia kupotea. Mabwawa hayajengwi kwa wiki moja, lakini mawasiliano ya makamishna hukatika kwa siku moja. Mafuriko yalipokaribia Agosti mwaka huohuo, India ilipeleka tahadhari kupitia ubalozi wake Islamabad, kwa misingi ya ubinadamu. Taarifa ya aina ileile iliyokuwa wajibu imekuwa fadhila, na fadhila haidaiwi.

6. Nile. Mkataba wa 1959 kati ya Misri na Sudan uliipa Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudan bilioni 18.5, bila nchi za juu kuwamo chumbani, na Tanganyika ilitamka mwaka 1962 kwamba haifungwi na makubaliano ya 1929 kuhusu Nile yaliyofanywa na mkoloni. Mkataba mpya wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile umeanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, Misri na Sudan zikiwa nje, na atakayepewa jalada hilo aanzie ibara ya 14(b), ambako neno "usalama wa maji" liliachwa bila mwafaka. Tafadhali asihitimishe kwamba tuige Indus. Kule wawili waligawana mito sita. Huku nchi kumi na moja zina mto mmoja, na hakuna namna ya kumpa Mganda mkondo wake na Mmisri wake.